Mto wa kochi wenye sura ya kwenu: kanga, chapa ya rangi, darizi au batiki?

Makochi yakitoka kwa fundi mmoja na mapazia yakinunuliwa duka moja, sebule za mtaa mzima hufanana. Kuipa yako sura yake si lazima ununue seti nyingine. Foronya nne za mito, kitambaa cha mgongo wa kochi na pindo la pazia vinatosha kabisa, ila njia za kuvirembesha ni nyingi na haziendi sawa. Tunalinganisha hapa nne ambazo mtu anaziweza nyumbani: kushona foronya za kanga au kitenge, kupiga chapa kwa rangi ya kitambaa, kudarizi, na kutia batiki. Zote tunazipima kwa kazi moja, yaani foronya ya mto wa sentimita 45 kwa 45 (inchi 18), kipimo cha kawaida cha mito ya makochi.

Msimamo wetu tuutaje mapema. Angalia kwanza kitambaa ulichonacho na namna kitakavyofuliwa, urembo uje baadaye. Kazi nyingi hazifi mikononi mwa aliyezitengeneza, hufia kwenye beseni. Nyekundu huchujia nyeupe, lesi hukunjamana, rangi hubanduka, na chanzo chake hasa ni hatua iliyorukwa kabla hata mkasi haujashikwa.

Kijue kitambaa kwanza

Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa kibano juu ya sinia ya bati, uziwashe. Pamba hushika moto upesi, hunuka kama karatasi inayoungua, na jivu lake ni laini la kijivu linalopukutika ukiligusa. Poliesta hujikunja na kuyeyuka, ikipoa inabaki donge gumu jeusi. Kikitoa jivu lenye vidonge vigumu ndani yake, ni mchanganyiko. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, nalo ndilo litakaloamua kama batiki inawezekana, pasi iwe na moto kiasi gani, na kama kitambaa kitaruka kipimo baada ya kufuliwa. Lisikupite hata kama muuzaji ameapa kwamba ni pamba tupu. Vipo vitenge vinavyong'aa vizuri dukani ambavyo ni poliesta.

| | Kanga/kitenge | Chapa ya rangi | Darizi ya mkono | Batiki |
|---|---|---|---|---|
| Kitambaa | Chenyewe | Pamba au mchanganyiko | Chochote kisichovutika | Pamba tupu |
| Muda, foronya moja | Chini ya saa moja | Saa moja, na siku ya kukauka | Jioni kadhaa | Nusu siku, ziwe moja au kumi |
| Kinachohitajika | Cherehani | Rangi, muhuri, pasi | Sindano, nyuzi, pete ya kudarizia | Rangi, kemikali, glavu, uwanja |
| Kufua | Maji baridi mwanzoni | Ndani nje, bila kusugua | Kawaida, kama uzi hauchuji | Peke yake mara za kwanza |

Kanga na kitenge: njia ya haraka, na yenye hesabu nzuri

Kwa nyumba nyingi tunashauri uanzie hapa. Urembo tayari umechapwa, kazi yako ni kuamua mkasi upite wapi.

Kanga moja ina takribani sentimita 150 kwa 110. Ifue kabla ya kukata, kwa sababu pamba mpya hurudi, na ukishona kwanza ukafua baadaye, foronya itabana mto mpaka mshono uachie. Ikishapigwa pasi, kata vipande vitatu vya upana wa sentimita 47, kila kimoja kikiwa na urefu wote wa upande mfupi. Baada ya kurudi, urefu huo utakuwa kama sentimita 106, na unatosha foronya ya kukunjia isiyohitaji zipu wala kifungo: 45 za mbele, na mikunjo miwili ya nyuma ya sentimita 30 na nusu kila mmoja, inayolaliana kwa 16. Kwa hiyo doti moja, yaani kanga mbili, inatoa foronya sita. Na kuna faida nyingine: kingo za upande mrefu wa kanga zimefumwa kiwandani na hazifumuki, kwa hiyo mdomo wa foronya hauhitaji kupindwa.

Kushona kwenyewe ni hivi. Laza kipande uso juu. Kunja upande mmoja kuelekea katikati, kisha wa pili ulale juu ya wa kwanza, mraba utakaobaki uwe wa sentimita 45 kwa urefu. Pindo utakalokunja kwanza ndilo litakaloonekana nje baada ya kugeuza, kwa hiyo chagua lililo zuri zaidi. Shona pande mbili zilizo wazi, sentimita moja kutoka ukingoni, ukirudisha mshono mara mbili pale mikunjo inapolaliana maana hapo ndipo huvutwa kila mto unapoingizwa. Sindano namba 12 inatosha kanga, kitenge kizito kinataka 14. Piga ovaloki au zigizagi kwenye kingo zilizokatwa, punguza pembe, geuza. Ukiona pembe zinachongoka kama masikio na mto haujazifikia, rudi ndani uzishone kwa kuzizungusha kidogo, sentimita moja na nusu kuelekea katikati.

Jina la kanga ndilo linalowakwaza wengi. Kwa mkato huo wa vipande vitatu, mbele ya mto hukaa mji (sehemu ya katikati ya kanga) peke yake na maandishi hupotelea mgongoni, tena yamekatwa. Ukitaka yasomeke, usianze na rula. Anza kwa kupima urefu wa maandishi yenyewe. Mara nyingi ni marefu kuliko sentimita 45, na hapo mto wa mraba haufai: shona mto mrefu, wa 30 kwa 70 au zaidi, jina likae katikati na pindo chini yake. Utapata mto mmoja tu wa namna hiyo kwa kila kanga, mabaki yatatosha foronya za kawaida. Chagua jina kwa uangalifu pia. "Mgeni njoo mwenyeji apone" linakaa vizuri sebuleni, lakini kijembe kilichonunuliwa kwa ajili ya jirani kitamsalimu kila anayekuja, wakwe wakiwemo.

Kitenge ni kizito zaidi na hakina mji wala pindo la kukuongoza. Kipande cha yadi sita, karibu mita tano na nusu, chenye upana wa sentimita 115 hivi, hutoa foronya kumi na moja kwa mkato uleule. Tazama tu michoro imeelekea wapi, usije ukakuta ndege wote wamelala ubavu. Michoro mikubwa ya duara inataka ukate ukiwa umeiweka katikati ya kila mto. Hilo hula kitambaa, na foronya kumi na moja zinaweza kushuka hadi saba au nane.

Udhaifu wa kanga ni wepesi wake. Ikiwa mto wa ndani una rangi nyeusi au madoa, vitaonekana. Weka bitana ya marekani nyepesi (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi), au uuvishe mto wa ndani foronya nyeupe. Zipu nayo huivuta kanga isiyo na bitana mpaka nyuzi zikaachana kando ya mshono, na ndiyo sababu tunapendelea mdomo wa kukunjia.

Kuhusu kuchuja rangi: kuloweka kanga mpya kwenye maji ya chumvi ni desturi ya zamani, lakini chumvi haishikizi rangi ambayo imeshakauka kwenye kitambaa. Kinachosaidia ni kuifua peke yake, mara mbili tatu kwa maji baridi, hadi maji yatoke safi. Kisha lowanisha kipande cha kitambaa cheupe, kiweke juu ya sehemu nyekundu au nyeusi, upige pasi. Kikibaki cheupe, shona. Kikichukua rangi, usiiunge kanga hiyo na kitambaa cheupe kwenye foronya moja.

Chapa ya rangi: kwa mwenye foronya tayari

Kama mito yako ina foronya nzima za rangi moja na hutaki kuzitupa, chapa ndiyo njia ya karibu zaidi. Haihitaji cherehani, na hata mtoto wa miaka minane anaweza kushiriki akisimamiwa.

Nunua rangi ya kitambaa hasa. Rangi ya ukutani hukauka ngumu, hupasuka kwenye mikunjo na kumkwaruza anayelaza shavu juu yake. Muhuri unaweza kuwa kipande cha mbao kilichochongwa, sponji iliyokatwa kwa mkasi, au kiazi mbatata. Kiazi kina mtego wake: maji yake yenye wanga huifanya rangi kuwa nyepesi na chapa hutoka na mabaka. Ukishakichonga, kifute na ukiache kama dakika kumi na tano uso wake ukauke. Herufi zichongwe kinyume, vinginevyo jina la familia litasomeka kutoka kwenye kioo tu.

Fua foronya bila dawa ya kulainisha nguo, kwani dawa hiyo na wanga wa kiwandani huizuia rangi isishike. Ipige pasi, kisha weka kadibodi ndani ili rangi isipenye hadi upande wa pili. Chini ya foronya tandika blanketi jembamba, maana muhuri ukigonga meza ngumu huacha mapengo katikati. Paka rangi juu ya muhuri kwa sponji, usiuchovye. Bonyeza wima bila kuzungusha, inua wima. Jaribu kwanza kwenye tambara mara tatu nne mpaka mkono uujue uzito wake.

Iache ikauke siku nzima, halafu piga pasi kwa nyuma, bila mvuke, kwa moto unaofaa kitambaa hicho, dakika tatu hadi tano kila sehemu. Joto hili ndilo linaloishikisha rangi. Anayeliruka hulipia kwenye ufuaji wa kwanza. Kaa siku kadhaa kabla ya kufua, na ukifua, geuza ndani nje.

Kwenye kitambaa cheusi au bluu nzito, rangi za kawaida humezwa. Uliza dukani rangi nzito zilizotengenezwa kwa vitambaa vya giza, au piga chapa nyeupe kwanza, ikauke, kisha rangi unayoitaka juu yake. Njia hii ya tabaka mbili inataka muhuri uangukie palepale, nayo ni ngumu kuliko inavyosikika. Na ukitumia kiolezo cha plastiki badala ya muhuri, gongagonga kwa brashi iliyo karibu kavu. Ukiburuza brashi, rangi itapenya chini ya kingo na umbo litafura.

Darizi: ya zawadi, au ya mto mmoja wa pekee

Hakuna njia inayodumu kama uzi uliopita ndani ya kitambaa. Pwani inajua hili vizuri: kofia za vito zinazodariziwa Lamu na Unguja hufuliwa, hutiwa wanga na kuvaliwa miaka mingi bila urembo wake kuondoka. Vitobo vile vidogo vinavyozungushiwa uzi vinapendeza sana kwenye pindo la mto mweupe, mradi nyuma yake uweke bitana ya rangi nyingine ili vionekane.

Kwa anayeanza, mishono miwili inatosha: mshono wa kurudi nyuma kwa maandishi, na wa mnyororo kwa mashina ya maua na mistari minene. Nyuzi za kudarizi huja zikiwa sita pamoja. Zitenganishe, utumie mbili kwa herufi ndogo na tatu kwa michoro ya kawaida. Kata uzi wa sentimita 45 hivi. Mrefu zaidi ya hapo huchakaa kwa kupitapita na hujifunga mafundo. Kaza kitambaa kwenye pete ya kudarizia hadi kisikike kama ngozi ya ngoma ukikigonga, na ukimaliza kwa siku hiyo kilegeze, la sivyo alama ya duara haitoki kirahisi.

Darizi kipande cha mbele kabla ya kushona foronya. Acha angalau sentimita tano kutoka kila ukingo, maana mto uliojaa huinama pembeni na maua yaliyo ukingoni yatageukia ubavuni. Mishono inayolala zaidi ya sentimita moja bila kushikizwa huingia kwenye pete na saa za watu, ikang'olewa. Nyuzi nyekundu zijaribu kwa kitambaa cheupe chenye maji kama tulivyosema kwenye kanga.

Darizi ya mashine ni jambo jingine. Mafundi wanaodarizi nembo za sare za shule wanaweza kukuwekea jina au tarehe ya harusi ndani ya muda mfupi. Usimpelekee foronya iliyokwisha kushonwa. Mpe kipande cha 60 kwa 60, kwa sababu fremu ya mashine inahitaji nafasi ya kushika pande zote, kisha ukipunguze mwenyewe hadi 47. Mwambie aweke chini yake kitambaa kigumu, kama kile cha kwenye kola za mashati. Bila hicho, kanga na vitambaa vyepesi hujikusanya kuzunguka herufi, na hata pasi hainyooshi.

Batiki: nzuri sana kwa wingi, haifai kwa mto mmoja

Gharama ya batiki iko kwenye maandalizi. Kuchanganya rangi ya foronya moja na ya foronya nane ni karibu kazi ileile. Kwa hiyo ukitaka seti nzima (mito, vitambaa vya migongo ya makochi na cha meza) vyote vikitoka chungu kimoja kwa rangi inayofanana, hakuna njia nyingine inayoishinda. Ukitaka foronya mbili tu, nunua kitambaa cha batiki kilichokwisha kutengenezwa, ukishone kama kitenge.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Marekani na popilini hufanya vizuri, lakini marekani mbichi ina wanga na mafuta ya kiwandani. Ichemshe kwa sabuni na uisuuze, ama sivyo rangi itashika kwa mabaka. Na utie rangi kabla ya kushona. Uzi wa cherehani siku hizi ni wa poliesta, hivyo foronya iliyoshonwa tayari itatoka na mishono myeupe.

Rangi nyingi za batiki zinazouzwa kwetu haziyeyuki kwenye maji peke yake. Zinahitaji kostiki soda na haidrosulfaiti ili ziyeyuke na kuingia ndani ya nyuzi, na kitambaa kinapopigwa na hewa ndipo rangi hurudi kuwa yenyewe na kufungika humo. Ndiyo maana kitambaa kinatoka kwenye ndoo kikiwa na rangi ngeni, kisha kinabadilika mbele ya macho yako kikiwa kwenye kamba. Kipe nusu saa kabla ya kusuuza. Kisipobadilika, na rangi ikawa inafutika kwa kidole, shaka iangukie haidrosulfaiti: ikikaa kwenye mfuko ulio wazi huvuta unyevu na kupoteza nguvu. Vipimo hutofautiana kwa kila rangi, fuata vya muuzaji wa rangi hiyo, na upimie kitambaa kikiwa kikavu.

Kostiki huunguza ngozi na macho. Vaa glavu ndefu na miwani, fanyia kazi nje penye upepo, watoto wawe mbali. Tia kostiki kwenye maji baridi kidogo kidogo, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, kwani joto lake hurusha maji usoni. Tumia ndoo ya plastiki au chombo cha chuma cha pua. Sufuria za aluminiamu huliwa na kostiki na kutoa gesi inayowaka. Chombo kilichotumika kisirudi jikoni.

Kati ya kufunga na kupaka nta, anza na kufunga. Kamba, kokoto na mikunjo vitakupa miduara na mistari bila moto. Nta huongeza uzuri na hatari kwa pamoja. Iyeyushe kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji, na ikianza kutoa moshi imezidi joto. Ikishika moto, funika kwa mfuniko, zima jiko, usimwagie maji. Nta ya nyuki hushika vizuri na parafini hupasuka: ukiongeza parafini unapata ile mishipa myembamba ya rangi, ukiizidisha, nta inabanduka ndani ya ndoo. Maji ya rangi yawe ya uvuguvugu tu, la sivyo nta yote itaelea juu.

Kroshia, lesi na vishada

Kroshia ina wapenzi wake, na kitambaa cha kufuma kwenye mgongo wa kochi bado kinapendeza, ila foronya nzima ni kazi ya wiki. Fuma ua moja la sentimita 15, ulishikize katikati ya foronya ya rangi nzito. Tumia uzi wa pamba. Sufi za akriliki hulegea na kung'aa zikiguswa na pasi.

Lesi na vishada ndivyo rahisi kuliko vyote, na huharibika kwa sababu moja: lesi ya poliesta hairudi, foronya ya pamba hurudi. Fua foronya kwanza, ndipo ushone lesi.

Kwenye mapazia hukumu inabadilika

Kinachofaa mto hakifai pazia kila mara. Darizi ndogo haionekani kutoka upande wa pili wa chumba, ihamishie kwenye vifungio vya pazia, vile vipande vya 60 kwa 10. Kanga nzima dirishani hupitisha mwanga na kuonyesha walio ndani usiku taa zikiwaka, na jua la mchana huipausha kwenye mikunjo. Ipe bitana nyeupe. Pazia la poliesta halishiki batiki, ila hupokea vizuri ukanda wa kitenge wa sentimita 25 chini yake. Kitenge hicho kifuliwe kabla. Kisipofuliwa, kitarudi, pazia lisirudi, na pindo lote litavutika juu kwa mawimbi.

Mpangaji anayehama mara kwa mara aanze na kanga, na kwa foronya za watoto tunachagua chapa ya rangi kwenye kitambaa cheusi kidogo, maana chakula kitamwagika. Zawadi ya harusi ni darizi, na utoe nafasi ya mwezi mzima. Kumbi, nyumba za wageni na familia yenye makochi matatu wapige hesabu ya batiki.

Mto wa ndani nao uuchague vizuri, kwa sababu foronya nzuri juu ya mto uliolegea hukunjamana na urembo hauonekani. Kwa foronya ya 45, mto wa ndani uwe wa 48. Faiba hufulika na kukauka siku moja ya jua. Sufi ya msufi ni laini na ya baridi, lakini ikilowa hugandamana, basi iwekwe ndani ya mfuko wake wa marekani ulioshonwa pande zote, foronya ndiyo itoke kwenda kufuliwa, na mto wenyewe uanikwe juani kavu.